Mtani Wangu Amesainishwa Karatasi

Jumatatu, 19 Agosti

Bismillahi. Nimeamka kabla ya adhana. Nimeswali, nimewaombea watu wote mema, hata shemeji zangu. Mpaka saa nne asubuhi nilikuwa mtu safi kabisa.

Saa nne na robo Meneja akatuita.

Nijieleze kwanza, maana Ummy binti yangu anasema siku nikifa watu wakalisoma daftari hili hawataambulia kitu. Mimi ni Asmahani binti Majidi. Miaka arobaini na tisa, mjane, Mnyamwezi wa Kanyenye. Darasa la saba. Msimamizi wa dobi katika Hoteli ya Mninga, hapahapa Tabora. Kampuni yetu ina hoteli mbili, hii na nyingine Muskati. Meneja ni Msri Lanka. Shefu ni Mturuki. Bi Riya wa Rasilimali Watu katokea Bombei. Mapokezi yuko Godbless wa Moshi, na ukimsikia anavyoisimulia Moshi utadhani nayo wanaingia kwa viza. Asubuhi nikipita geti la nyuma, niko ughaibuni. Saa kumi nikitoka, niko Kanyenye. Mwaka wa pili huu nafanya kazi nje ya nchi bila kuvuka reli.

Sasa habari yenyewe. Muskati wanataka msimamizi mmoja kutoka kwetu. Mkataba miaka mitatu, timu ya watu wa mataifa ishirini na mawili. Majina yamebaki mawili. Langu. Na la Elieza!

Elieza ni msimamizi wa mgahawa. Mgogo wa Dodoma, Mwanglikana, anabeba sahani sita kwa mkono mmoja na anasalimia kwa lugha saba. Pia ni mtani wangu. Wagogo na Wanyamwezi tunataniana tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakikatiza nchi yao na mizigo kichwani kwenda pwani. Kwa hiyo kila siku ya Mungu ananitukana, namtukana, na atakayenuna ndiye mwenye aibu.

Lakini Muskati naihitaji mimi. Kutoka Muskati watu wanakwenda Makka kwa basi. Kwa basi! Marehemu mama alitamani Umra maisha yake yote, na mbali alikofika ni Kigoma, tena harusini. Nilimshika mkono siku za mwisho nikamwambia nitakwenda mimi, nifanye yangu, kisha nimfanyie na yake. Miaka kumi na mmoja imepita. Nikimuota huwa haniulizi kitu, ananitazama tu.

Elieza atakwenda Muskati kufanya nini? Kutazama bahari.

Alhamisi anakuja mkaguzi, Bi Zuwena, kuchagua mmoja wetu. Meneja kasema kitu kinachotazamwa ni kimoja tu: nani anaishi vizuri na watu wa kila aina. Moyo umetulia. Nina mpango.

Jumanne, 20 Agosti

Mpango: kila mgeni wa timu yetu nimtengenezee mnyama wa kwao kwa taulo. Nani mwingine Tabora anayeweza? Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa dobi nakunja. Meneja: tembo wa Sri Lanka, mkonga juu, taulo kubwa kumi na moja. Bi Riya: tausi, mkia wazi, taulo tisa. Shefu sikujua Uturuki wana mnyama gani, nikamkunjia msikiti. Mnara ulisimama wenyewe! Nikasema mashallah.

Nikaviweka mezani kwao kimyakimya, nikarudi kusubiri shukrani.

Iliyokuja ni simu. Wanunuzi wa tumbaku vyumba kumi na viwili, wote walikuwa wameshaingia bafuni. Taulo hakuna. Mmoja wa Urambo, mzee mwenye heshima zake, alijikausha kwa pazia, na pazia likaja na fimbo yake.

Meneja hakufoka. Msri Lanka hafoki. Alimvunja tembo mwenyewe, sikio moja baada ya jingine, akawapelekea wageni taulo. Nilitazama pembeni.

Chakula cha mchana Elieza akanikalia mbele. Habari alishaipata yote. Akatangaza, meza nzima isikie: "Wapagazi wenzio walibeba pembe tu, jamani. Huyu kabeba tembo mzima!" Akachukua nusu ya chapati yangu bila kuniuliza, kama kawaida yake. Akaniambia nile taratibu, leo hakuna mzigo. Akamalizia kwamba siku nikifa, jeneza langu halitoki mlangoni mpaka apewe ng'ombe mwenye maziwa. Nami nikamjibu kwamba watu waliowauzia babu zangu maji ya kunywa kwa kata, jua kali vile, hawana haki ya kumkaba mtu juu ya chapati. Nikamwambia na mama yake aache kupika mlenda kwa machozi, maji yapo siku hizi. Tukacheka mpaka mchuzi ukanipalia.

Meza ya pili alikaa Bi Riya. Hakucheka. Alikuwa anaandika.

Saa tisa akaniita ofisini, akafunga mlango, akanimiminia chai. Kiswahili chake amekisoma kitabuni, ni safi kuliko cha redioni, na nikikisikia huwa nakaa wima. Akaniambia nisiogope, yatabaki baina yetu. Akauliza: je, Elieza hunichukulia chakula kila siku? Nikasema kila siku. Kweli tupu. Je, huniita mpagazi? Huniita. Je, amewahi kuzungumzia kifo changu? Mara nyingi tu. Nami humjibuje? Nikasema namjibu kama nilivyolelewa. Kweli tupu!

Akainama. Akauliza kwa sauti ya chini kama naumia.

Hapo, daftari langu, nilikuwa na neno moja la kusema. Mtani. Basi! Neno moja, na mimi na yeye tungekunywa chai kwa amani. Mdomo ulishafunguka. Halafu nikaiona Kaaba. Nikamwona mama ananitazama. Mdomo ukajifunga wenyewe.

Nikashusha pumzi ndefu. Nikafuta jicho kwa ncha ya mtandio. Jicho lilikuwa linawasha kweli, sabuni ya unga iliniingia asubuhi wakati wa tembo.

Bi Riya akanishika bega, akasema inatosha, haina haja ya kueleza.

Nimeyapitia mazungumzo yote baada ya Isha, mara tatu, kama mtu anayehesabu mashuka. Uongo hata mmoja haumo. Hata mmoja! Nimelala vizuri.

Jumatano, 21 Agosti

Sikulala vizuri. Nimeandika hivyo jana kwa kujipa moyo.

Asubuhi Elieza aliitwa kwa Bi Riya. Alikaa nusu saa. Alitoka amefifia kama shuka iliyochanganywa na klorini, ana nakala ya karatasi mkononi. Akaniona ukumbini. Nikamsubiri anitukane.

Akaunganisha miguu. Akasema, "Shikamoo, Bi Asmahani."

Shikamoo! Mtu anayenizidi mwaka mzima! Nikakosa hata pa kuiweka marahaba.

Saa ya chai chapati yangu ilikuwa nzima. Hakuna aliyeigusa. Sijawahi kula chapati nzima tangu hoteli ifunguliwe. Haikushuka.

Kisha simu. Baba mdogo Uwesu amefariki. Inna lillahi. Miaka tisini na mmoja, alikuwa akirina asali Ipole mpaka juzijuzi, kala maisha yake yote na bado akaramba kijiko. Maziko baada ya Alasiri, nyumbani Kanyenye. Nikaomba ruhusa nikaenda.

Sasa kwetu, mzee wa umri ule hatoki nyumbani hivihivi. Watu wa Kanyenye wote wanamjua Mgogo wetu. Msiba wa mume wangu alilala mlangoni, akasema marehemu alikuwa na zamu yake ya kumbebea mzigo, hatoki mpaka aubebe. Nilicheka nikiwa eda, sitasahau. Kwa hiyo Shangazi Sikuzani, dada wa marehemu, themanini na tatu, alikaa kizingitini anachungulia njia. Kila baada ya dakika anauliza: "Mtani wetu yuko wapi?"

Akatokea. Yeye na Godbless. Kavaa tai! Kasimama hatua kumi kutoka mlangoni, mikono mbele, kama mlinzi wa benki. Akatoa bahasha ya rambirambi, akasema poleni sana, kazi ya Mungu haina makosa.

Jeneza likatoka. Elieza akapisha njia.

Shangazi akasimama na mkongojo wake. "We Mgogo! Kaka yangu anapita huyo! Humzuii?"

"Mama, siwezi. Nimesaini karatasi."

"Karatasi gani?"

"Ya kazini. Siruhusiwi kumtania Mnyamwezi. Bi Riya hakusema kama ni walio hai tu, kwa hiyo naogopa."

Jeneza likapita kavu, kama mtu anayehama nyumba ya kupanga. Shangazi akasema tangu azaliwe hajaona mwanamume wa Kinyamwezi anazikwa bila Mgogo kung'ang'ania jeneza. Akasema kaka yake kaondoka kama mtu asiyejulikana. Kisha akageuka, akatuuliza wanawake wote tuliokaa mkekani: nani huyo aliyekwenda kushitaki utani?

Nikapasua kilio. Nililia kwa sauti ambayo sijui ilitoka wapi. Wakanipepea. Wakaniletea maji. Mjane mwenyewe akaja kunibembeleza, akaniambia, "Jikaze, Asmahani, hata mimi sijafika hapo."

Jioni Elieza akaniletea chai ya tangawizi, mwenyewe, kwa mikono miwili. Akaninong'oneza kwamba hajui nani aliyemsemea, labda Bi Riya kasikia tu akaogopa, watu wa nje hawana haya mambo. Akaniomba nisiende kumtetea. Nikienda nitajiharibia nafasi yangu ya Muskati.

Akasema hivyo! Chai nimeinywa. Ilikuwa tamu na ilinichoma mpaka tumboni.

Ummy kaniuliza nina nini. Nikamwambia mchanganyiko wa mambo. Akasema, "Mama, ukisema mchanganyiko huwa umezingua wewe." Watoto wa siku hizi.

Nimeazimia: kesho asubuhi kabla mkaguzi hajafika namwendea Bi Riya namweleza neno moja lile. Inshallah.

Alhamisi, 22 Agosti

Nilikwenda. Wallahi nilikwenda. Saa moja na nusu nilikuwa nje ya ofisi ya Bi Riya. Mlango ulikuwa umefungwa. Ningeweza kubisha. Lakini nikawaza: labda kufungwa kwa mlango ni ishara. Mtu wa imani hazipuuzi ishara. Nikarudi dobi.

Saa tatu akafika Bi Zuwena. Miaka sitini hivi, buibui jeusi, miwani ya mnyororo. Godbless alimkaribisha kwa Kiingereza chake kile cha puani. Yeye akanitazama mimi, nimebeba foronya, akasema: "Mwangaluka!"

Foronya zikaniponyoka. Mwarabu wa Muskati ananiamkia Kinyamwezi!

Kumbe bibi yake alizaliwa Gongoni, hapo nyuma ya sokoni. Kiswahili kakinyonya. Akataka kujua kama mikate ya sinia bado inapikwa. Kila mtu alifurahi. Mimi nikaanza kuokota foronya, moja moja.

Saa tano tukaitwa ukumbi mdogo. Bi Zuwena, Meneja, Bi Riya, Elieza, mimi. Faili mezani. Bi Zuwena akalifungua akaanza kusoma kwa sauti, maana yeye hafichi mambo.

"Mtuhumiwa alitwaa nusu ya chapati ya mlalamikaji." Akatulia. "Mtuhumiwa alisema atazuia jeneza la mlalamikaji hadi alipwe ng'ombe mwenye maziwa." Akavua miwani. Akamwuliza Elieza ni mtu wa wapi. Elieza akajibu Mgogo wa Dodoma. Akaniuliza mimi. Nikasema kwa sauti ya sindano: Mnyamwezi.

Akacheka! Alicheka akaegemea kiti, akapiga meza, akafuta machozi kwa karatasi yenyewe ya mashitaka. Meneja akacheka kwa adabu bila kujua kwa nini. Bi Zuwena akamweleza Bi Riya, taratibu, utani ni nini, misafara, mizigo, maji, na kwamba mtu akikutania jeneza maana yake anaahidi kuja kukuzika. Bi Riya akawa mwekundu mpaka masikioni. Akasema kwao Bombei pia shemeji wa kike huiba viatu vya bwana harusi na hakuna anayeita polisi. Akamwomba Elieza radhi palepale, akaichana ile karatasi.

Nikadhani yameisha. Nikaanza kucheka na mimi.

Bi Zuwena akaacha kucheka. "Mama, wewe ulimweleza huyu binti kwamba ni mtani wako?"

Nikasema sikuulizwa.

Bi Riya, na ule uaminifu wake wa kitabuni: "Samahani. Nilikuuliza kama unaumia. Ulishusha pumzi, kisha ukafuta jicho. La kushoto."

La kushoto! Kaandika mpaka upande!

Elieza aligeuka akanitazama. Sikuona hasira, hata kidogo. Alinitazama kama mtu aliyefika nyumba anayoijua akakuta kufuli. Nikaikodolea meza. Nimesoma nembo ya hoteli juu ya chupa ya maji mara arobaini.

Ijumaa, 23 Agosti

Baada ya swala ya Ijumaa Bi Zuwena aliniita peke yangu, kule bustanini kwenye viti vya chuma. Kaniambia bila kuzunguka. Anakwenda Elieza.

Kisha akaniambia jambo ambalo ni afadhali angenipiga kofi. Alikuja Tabora akiwa amenikusudia mimi. Muskati kinachowatesa ni dobi, si mgahawa. Lakini kule kila wiki Mnepali hamwelewi Mmisri, Mkenya hamwelewi Mfilipino, na hoteli inasimama kwa yule mmoja anayewaelewa wote wawili akafungua mdomo. "Jumanne ulikuwa wewe peke yako unayewaelewa wote wawili," akasema. "Ukafunga."

Nikalia. Safari hii macho yote mawili, na sabuni haikuwepo. Nikamweleza habari ya mama na Umra. Akasema Januari kuna nafasi nyingine, ya dobi yenyewe. Hatanipendelea. Anataka barua moja tu, ya mtu aliyefanya kazi nami akaniona jinsi nilivyo, akiieleza tabia yangu. Akataka iandikwe na Elieza, ifungwe, ifike kwa Bi Riya bila kupita machoni pangu.

Ya Rabi. Elieza!

Usiku nimejihesabia nafsi, kama tunavyofundishwa. Nimegundua kosa langu liko wapi. Nisingefuta jicho. Pumzi peke yake ingetosha.

Jumamosi, 24 Agosti

Elieza anaondoka leo kwa treni, apitie Dodoma kumuaga mama yake kisha Dar, kisha ndege. Asubuhi nilimfuata jikoni. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kuomba radhi, yenye aya mbili na hadithi moja. Sikufika mbali. Akaniinulia mkono.

Akauliza, mbele ya wapishi wote, mtani anayemshitaki mtani faini yake nini. Wapishi wakasema atozwe! Shefu Mturuki naye akasema atozwe, ingawa sidhani alielewa ni nini.

Hukumu: mpagazi abebe mzigo. Sanduku la Elieza, kichwani, kwa miguu, kutoka hotelini mpaka stesheni, kwa njia ya Kanyenye. Ya Kanyenye! Mbele ya majirani!

Nilijitwisha ngata ya foronya. Wakanitwika. Sanduku zito, daftari langu, zito! Shingo ikaingia mabegani. Elieza mbele, mikono nyuma, kofia kichwani, anatembea kama mwenye msafara. Kila tukipita duka anapaza sauti: "Msimpe maji huyo, atalewa! Wanyamwezi wakishiba wanalala njiani!" Mimi huku chini ya mzigo: "Tangulia, Mgogo, unuse njia, si ndiyo kazi uliyoachiwa na babu yako!" Mzee Rasiklal wa duka la vitambaa akatoka mlangoni na futi yake mkononi, akauliza kulikoni. Akaambiwa. Akacheka akatuletea soda mbili, moja akampa Elieza, ya pili akampa Elieza pia, kwa sababu hukumu ni hukumu. Shangazi Sikuzani alitolewa na kiti barabarani. Akapiga vigelegele peke yake, themanini na tatu, akasema sasa kaka yake atatulia.

Wallahi, shingo iliuma na moyo ulikuwa mwepesi kama shuka la kitoto. Nilitukanwa kutoka hotelini mpaka stesheni. Tangu Jumanne sikuwa nimetukanwa na mtu.

Stesheni akafungua sanduku mbele ya abiria. Juu nguo mbili. Chini matofali manne, yamefungwa kwa taulo zangu za Hoteli ya Mninga! Nguo zake za kweli zilikuwa kwenye mkoba mdogo ambao Godbless aliuleta kwa pikipiki, kakaa anakula karanga.

Kabla ya kupanda akatoa bahasha yenye ile barua aliyotakiwa na Bi Zuwena, imefungwa, jina la Bi Riya juu. Akasema alikusudia kuipeleka mwenyewe lakini muda umekwisha, nimpelekee mimi Jumatatu. Akanitazama. "Imefungwa, Asmahani." Nikamwambia naiona. Akasema ananiamini.

Treni ikaondoka. Nilipunga mpaka ikawa moshi. Nimeiweka bahasha ndani ya msahafu, mahali ambapo hata mimi siwezi kuwa na mawazo mabaya.

Jumapili, 25 Agosti

Nilikuwa na zamu. Msahafu nilikwenda nao kazini, kwa ajili ya kusoma wakati wa mapumziko. Bahasha ilikuwemo.

Nieleze kuhusu pasi ya mvuke. Pasi ya mvuke ni kitu cha ajabu. Ukiisogeza karibu na gundi, gundi inajiachia yenyewe. Mimi sikufungua bahasha. Nilikuwa napiga pasi foronya, bahasha ilikuwa jirani.

Na barua inayopata unyevu ni lazima ikunjuliwe ikauke. Dobi yeyote atakuambia.

Elieza ana mwandiko wa msimamizi wa mgahawa, kila herufi imesimama kama glasi. Kaandika kwamba mimi ni mtani wake na kosa la karatasi ni lake, alipaswa kumweleza Bi Riya siku ya kwanza kazini. Kaandika kwamba baba yake alipofariki mwaka jana nilipanda treni kwenda Dodoma, nikalala mkekani na mama yake siku tatu, na siku ya pili nilimchekesha mama huyo wakati wanawe sita walishindwa. Kaandika kwamba mashuka yangu hayana doa. Mwishoni: "Ana ahadi yake Makka. Mpelekeni."

Nimelia juu ya ubao wa pasi. Mtu huyu nilimfungia mdomo mbele ya Bi Riya! Nikamwombea dua yeye, mama yake, na ng'ombe wao.

Kisha nikaisoma tena. Na tena. Barua nzuri sana. Lakini kitu kimoja nikakitafuta sikukiona. Uaminifu! Hakuandika popote kuwa mimi ni mwaminifu. Kasahau, ana haraka ya safari. Angekumbuka angeandika, maana alinitamkia mwenyewe pale stesheni kwamba ananiamini. Kumsaidia mtu kutimiza alichokusudia ni thawabu.

Dobi kuna kalamu moja tu, ile nyekundu ya kuandikia namba kwenye mashuka. Nikaongeza mstari mmoja chini, kwa kuziiga zile glasi: "Tena ni mwaminifu kupita kiasi." Nikaifunga kwa wanga wa kukazia kola. Ikashika kuliko mwanzo.

Jumatatu, 26 Agosti

Nimeipeleka. Bi Riya aliipokea kwa mikono miwili, akajaribu kuifungua, akashindwa, akachukua mkasi. Akasoma. Machozi yakamlengalenga pale kwenye mama wa Elieza. Kisha akafika chini. Akasogeza barua dirishani. Akalowesha kidole akausugua ule mstari. Hautoki, nilimwambia, wino ule hautoki hata kwa klorini. Sijui kwa nini nilimwambia.

Akauliza, kwa Kiswahili chake kile cha kitabuni, imekuwaje Elieza akamalizia barua kwa kalamu nyekundu.

Nikasema kalamu yake iliishiwa wino.

Subhanallah, huu sasa ni uongo. Wenye miguu na mikono! Yote mengine ya wiki hii nimeyapima, ni pumzi, ni mvuke, ni haraka ya safari. Huu sina pa kuufichia. Bi Riya aliitia barua kwenye faili, akanitazama kwa muda, akasema Bi Zuwena atapiga simu.

Nimerudi nyumbani nimekaa na daftari hili, nimeligeuza nyuma, nimeandika orodha ya ninayopaswa kutubia, kwa ukweli, bila kujipendelea. Dhambi zimefika saba. Mtu mwenye saba hawezi kutubia hapa Kanyenye, kelele nyingi, watoto wa majirani. Hizi zinataka Makka yenyewe, ana kwa ana, kwa utulivu. Zamani nilikuwa na sababu moja ya kwenda Muskati. Sasa ninazo nane, na ikiwa simu itachelewa najua ratiba ya Bi Riya na mahali anapoacha faili.